Njema, Ila: Safari ya Kutoka Mtawanya Hata Msimbati



Mwezi wa Juni mwaka 2024 tulitakiwa tuandike habari za pwani yetu, toka Mikindani hata karibu na mlango wa mto Ruvuma, ili nyumba za Wakristo walio bara, ambao hawajaiona bahari, zipate kuijua kidogo. Tuliitikia upesi. Lakini ilipofika saa ya kuandika tuliona ya kuwa hatuwezi kutoa habari za bahari peke yake; maana njia ile ilitufikisha Msimbati, na huko Msimbati yupo ndugu yetu ambaye kwa miaka mitano tulikuwa tukimpelekea salamu kwa vinywa vya watu wengine.

Tusemapo "sisi" tu watu wawili: mwenye kalamu, ambaye ni mwalimu wa dini hapa Mtawanya, na mama wa nyumba yake. Mambo haya tuliyafanya pamoja, mema na mabaya. Naye mama ameyasoma kabla hayajapelekwa kupigwa chapa, akafuta maneno ambayo aliyaona ni ya kujitetea.

Mtawanya ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, lakini mgeni akitafuta mji hapa atachoka. Nchi yetu ni ya mikorosho na minazi na mihogo. Mwezi wa Julai mikorosho huanza kuchanua, na asubuhi husikika ngurumo ya mashine za kupulizia salfa, hata kengele ya kanisa hushindana nazo. Kila mwenye shamba hutembea akitazama juu matawini, akihesabu fedha ambazo hajazishika bado. Korosho kwetu ndizo bati la nyumba, ndizo sare za shule, ndizo mahari, na mara nyingine ndizo sanda. Tena ndizo deni. Kwa maana watu wengi hukopa kwa kulitumaini ua. Mtushikie neno hilo la deni, tutalirudia.

Ndugu tunayemtaja ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulimwomba ruhusa ya kuandika, yeye na mkewe, wakatupa kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe. Sisi na wao tulifunga ndoa mwaka mmoja. Kifungua mimba wao alipobatizwa sisi tulisimama kuwa wadhamini, naye akapewa jina la mwenye kalamu, hata leo twaitana somo na mtoto yule. Walipokuwa wakikaa Mtwara mjini, jioni za Jumapili tulikuwa tukishuka Shangani sote wanne, tukikaa mchangani mpaka giza, na watoto wakicheza majini. Pale hapakuwa na jambo lisilosemwa. Mama yule alitueleza hofu yake ya kuzaa. Mumewe alitueleza jinsi imani yake ilivyopungua mwaka alipofiwa na baba yake, jambo ambalo asingeweza kulisema mbele ya wazee wa kanisa. Nasi hatukumhubiri, tulikaa naye tu, kisha tukamweleza ya kwetu, ambayo hayakuwa mepesi kuliko yake. Baadaye alihamishwa kwenda kufundisha Msimbati, na urafiki ukaingia katika simu.

Hapa yatupasa tuseme juu ya salamu zetu, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Watu wa pwani tumelelewa kujibu njema. Mtu akiulizwa habari za nyumbani husema njema, hata kama nyumbani kuna maiti. Wageni wengine wakilisikia jambo hili hudhani tu waongo. Si uongo, ni adabu ya mlangoni. Mgeni hukaribishwa, hupewa mkeka, hupewa maji ya kunywa, ndipo mwenye nyumba huvuta pumzi akasema, "Njema, ila..." Katika neno hilo dogo, ila, ndimo zilimo habari zote. Ila mtoto hajalala siku tatu. Ila tumeibiwa. Ila baba alifariki jana. Wazee walijua ya kuwa njema ni kizingiti cha nyumba, nao walitukemea tukikaa kizingitini. Lakini katika simu hakuna mkeka wala maji. Mtu huuliza habari, hujibiwa njema, husema haya basi, Mungu akubariki, na salio limekwisha. Kwa miaka mitano sisi na ndugu yetu tulikaa kizingitini.

Kwa upande wetu tulikuwa na lawama, nayo tuliilea kama mtoto. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 alifariki mama mzazi wa mwenye kalamu. Watu walikuja toka Newala, toka Tandahimba, toka Lindi, wengine wakikanyaga matope ya masika tangu alfajiri. Ndugu wa Msimbati hawakuja. Hawakutuma hata mtu. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa simu wa kutupa pole, wenye maneno matano. Tuliyahesabu. Tangu siku ile tulipoulizwa habari zao tulijibu, wazima, wako kwao. Na katika sala za jioni tuliwataja upesi upesi, kama mtu apitaye mbele ya duka asilolilipa. Udhuru wa kutokwenda haukukosa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na watu waliovuka kutoka Msumbiji, na roho za watu zikapotea; baada ya hapo mtu akisema haendi upande ule hakuulizwa zaidi. Nasi tuliutumia udhuru huo miaka mingi, ingawa Kitaya si Msimbati, nasi twalijua hilo.

Basi tukaondoka siku ya Jumanne katikati ya Julai, tumechukua kikapu cha korosho zilizobanguliwa na kuku mmoja. Mtu aijuaye nchi yetu atauliza: mnakwenda Msimbati, mbona mlianza na Mikindani, ambayo iko upande mwingine kabisa? Tulisema ni kwa ajili ya kazi tuliyopewa, na kweli tulipewa. Lakini Mikindani tungaliweza kwenda siku yo yote. Tulipita huko ili siku ya Msimbati isogee mbele.

Mikindani iko yapata kilometa 10 kutoka Mtwara mjini, kandokando ya ghuba iliyotulia kama maji ya mtungini. Zipo nyumba za mawe za zamani, nyingine zina watu, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota ndani. Juu ya kilima lipo Boma walilolijenga Wadachi mwaka 1895. Chini, karibu na maji, ipo nyumba yenye kibao cha jina la Dakta David Livingstone. Tulikaa barazani karibu na hapo kwa mzee mmoja muuza kahawa, tukainywa polepole sana.

Safari ya Dakta Livingstone huadhimishwa na walimu kana kwamba alikwenda peke yake. Mwezi wa Machi mwaka 1866 alifika kwanza penye mlango wa Ruvuma, akakuta mikoko imeziba pwani yote, ngamia wake hawana pa kushuka. Ndipo akageuza akaja hapa Mikindani. Alikuwa na askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Nzwani, vijana 9 waliosomeshwa Nasik katika Bara Hindi, watu 2 wa Shupanga kando ya mto Zambezi, na vijana 2 wa Kiyao, ambao ni Wikatani na Chuma. Mmoja wa wale wa Shupanga ndiye Susi. Wanyama wakafa njiani, askari wakarudishwa pwani, na wale wa Nzwani pamoja na mkubwa wao Musa walimwacha huko upande wa Ziwa Nyasa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule walitokea Unguja wakisema kwamba bwana wao ameuawa. Habari hiyo ilivuka bahari ikaliliwa Uingereza, na mwaka 1867 walitumwa watu kuichunguza, wakaona ni uongo mtupu. Musa aliogopa kusema, "Nilichoka, nikamwacha," neno ambalo kila mpagazi angelielewa.

Lakini tuliyoyazungumza sisi siku ile pale barazani ni mambo ya mwaka 1873. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei Livingstone alifariki katika nchi ya mfalme Chitambo, ambayo leo imo katika Zambia. Susi na Chuma walikusanya watu wote wa safari, wakasema wazi ni hatari gani iliyo mbele yao. Kisha wakayafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright, kijana wa Nasik aliyejua kuandika, akaandika kila kilichomo, ili baadaye mtu asimwambie mwenziwe, wewe ulificha. Tuliwaza sana jambo hilo. Watu walikuwa na huzuni, na njaa, na mbele yao safari ya miezi, nao walianza kwa kufungua masanduku.

Hata hivyo watu wale wale, waliosemeana kweli wao kwa wao, walimficha Chitambo. Waliogopa ya kuwa akijua mgeni amekufa katika nchi yake atawatoza mali nyingi. Chuma akaenda kumwomba mahali pa kujenga nje ya kijiji, asiseme sababu. Neno likavuja. Chitambo mwenyewe akawajia, akawauliza kwa nini hawakumwambia kweli. Akasema wasiogope tena, maana naye amewahi kusafiri hata pwani, na anajua ya kuwa kifo huwapata wasafiri. Hakuwatoza kitu. Akaja na watu wake kumwomboleza marehemu. Tozo ile waliyoiogopa haikuwamo katika moyo wa mtu ye yote ila mioyoni mwao wenyewe. Baada ya hapo waliuchukua mwili hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari mwaka 1874. Chuma ndiye aliyekuja kuwaongoza watu wa UMCA katika safari zao za kusini, wakati ule Askofu Steere alipofungua kazi. Na Masasi ikaanza mwaka 1876, ambako wengi wetu tulipata Injili.

Mwenye kalamu alikuwa akiyasimulia haya kwa sauti ya darasani. Mama wa nyumba akaweka kikombe chini, akauliza, "Na sanduku letu sisi, nani ameona ndani?"

Basi tulifungue. Mwezi wa Januari mwaka 2019 binti yetu alikuwa akiingia shule ya sekondari ya bweni, akitakiwa godoro, sanduku, sare, na vitu vingine vingi ambavyo wazazi wavijua. Korosho tulikuwa tumekwisha kuziuza, lakini msimu ule malipo yalikawia kwa watu wengi. Tukawaendea ndugu hawa. Walikuwa wameweka akiba ya kujengea jiko, shilingi 350,000, wakatupa zote bila kuandikiana. Tukasema, malipo yakija tu. Malipo yakaja. Paa la nyumba yetu lilikuwa likivuja, tukanunua bati. Tukaambiana kwamba tutawaeleza mwezi ujao. Mwezi ujao neno lilikuwa zito kuliko mwezi uliopita. Ikawa aibu, kisha ikawa mazoea. Nao hawakutuuliza hata siku moja. Halafu hawakuja msibani. Na hapa ndipo mama alipofuta maneno yetu, akaandika mwenyewe kwa kalamu yake: tulifurahi. Tulifurahi kupata lawama kubwa ya kulifunika deni.

Na kila mwaka mwalimu huyu wa dini huwafundisha wanafunzi wake wa ubatizo habari ya mtu aendaye madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Huwafundisha vizuri. Wanafunzi huliitikia.

Tulilala Mikindani katika nyumba ya Wakristo wema, na asubuhi tukarudi kupitia Mtwara mjini. Juu ya mji hatutasema mengi. Bandari yake ilijengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947; karanga zenyewe hazikustawi, mpango ukaachwa mwaka 1951, reli ikaja kung'olewa, na bandari ikabaki, ikapata korosho. Toka mjini tulipanda gari la abiria la kwenda kusini. Ukipita Madimba utaona mitambo mikubwa ya gesi, iliyozinduliwa mwaka 2015, ambayo huisafisha gesi ya Mnazi kabla haijaanza safari yake ndefu ya bomba hata Dar es Salaam. Mbele yake nchi hulala chini, minazi huongezeka, na harufu ya chumvi huingia garini kabla bahari haijaonekana.

Msimbati ni pahali pazuri, na tungependa kila msomaji apaone. Mchanga ni mweupe, maji ni ya rangi nyingi, na tangu mwaka 2000 sehemu hizi zote hata mlango wa Ruvuma zimewekwa kuwa hifadhi ya bahari, kwa ajili ya matumbawe na kasa na mikoko. Maji yakipwa wanawake na watoto hutoka na fimbo na vikapu kutafuta pweza na chaza miambani, na ukitazama kwa mbali waonekana kama ndege. Wenyeji karibu wote ni Waislamu, watu wa ukarimu. Nyumba za Wakristo huhesabika kwa vidole, nyingi ni za walimu na watu wa kazi za serikali. Tunayaandika haya ili mjue ndugu yetu alikuwa akiishi wapi: mahali ambapo siku za masika padre huchelewa, na mwenzako wa karibu katika sala yu mbali.

Walitupokea. Mwalimu alikuwa ametoka shuleni, chaki bado mikononi. Mkewe alitoka jikoni, akasimama kidogo kabla ya kusogea, kisha akatushika mikono. Jiko lilikuwa la makuti, limeegemea ukuta. Tuliliona sote wawili, wala hatukutazamana.

"Karibuni sana. Habari za Mtawanya?"

"Njema. Habari za hapa?"

"Njema kabisa."

Mkeka ukatandikwa, maji yakaletwa. Tukangoja ila ya mmoja wetu, haikuja. Tulisema juu ya mvua. Tulisema juu ya salfa na bei zake. Somo yetu mdogo, ambaye sasa si mdogo, alituonyesha daftari zake, tukazisifu mno. Kuku alichinjwa. Tulikula wali na kuku na samaki, tukashukuru, na kwa saa mbili nzima watu wanne waliobatizwa, wawili wao walimu, hawakusemeana neno moja la kweli ila kwamba samaki ni mtamu.

Ndipo alipoingia bibi wa nyumba ya pili. Ni Mmakua, aliolewa huku zamani kutoka upande wa Masasi, Mwislamu mwenye umri mkubwa na meno machache. Hakupiga hodi. Alisikia ya kuwa wageni ni Wamakonde, na ninyi wasomaji wa kusini mwajua ni nini kitokeacho Mmakua akisikia hivyo.

"Hawa ndio wale wa Mtawanya?" akauliza. "Watani zangu! Nimesikia habari zenu. Wamakonde wenye kula korosho, na maganda yake, na jiko la mwalimu juu yake! Mmekuja leo kuchukua sufuria?"

Kukawa kimya. Mke wa mwalimu akaficha uso kwa kanga. Mwalimu akasema, "Bibi, haifai." Bibi akasema, "Inafaa. Mimi ni mtani wao, si wewe."

Wasomaji wa bara ya mbali huenda wakaona ya kuwa mwanamke huyu alituvunjia heshima. Sivyo. Utani wa makabila yetu, Wamakonde na Wamakua na Wayao na Wamwera, ni mlango ambao wazee waliuacha wazi. Mtani aweza kuingia msibani akajifunga shuka kama marehemu, akaigiza ubahili wake, na wafiwa wakacheka huku machozi yatoka; tena ni mtani huyo huyo ashikaye jembe na kuzika. Neno ambalo rafiki hawezi kulisema kwa kukuheshimu, mtani hulisema kwa kucheka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kuna wahubiri waliofundisha kwamba utani wote ni upuzi, uachwe. Maoni yetu ni kwamba upo upuzi ndani yake, na matusi yasiyofaa kinywani mwa Mkristo. Lakini tungeuacha wote siku ile, tungalirudi Mtawanya na kikapu kitupu na moyo ule ule.

Mwenye kalamu akajaribu kucheka, hakuweza. Akasema, "Bibi asema kweli. Fedha zenu tulizipata zamani, tukanunua bati. Hatukuwaambia."

"Tulijua," akasema mwalimu. "Tulipita Mtawanya mwaka ule, tukaliona paa jipya. Tulifurahi kwamba hamvujiwi. Tulingoja mseme."

"Mbona hamkuuliza?"

"Tuliona kama mnatukimbia. Tukadhani tukiuliza mtakimbia zaidi."

Mama wa nyumba yetu, ambaye alikuwa akilia, hakutaka deni letu liwe peke yake katikati ya mkeka. Akasema, kwa ukali kidogo, "Na mama mkwe wangu je? Hamkuja kumzika."

Mke wa mwalimu akanyamaza muda mrefu. Hata bibi alikaa chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Njema, ila siku ile tulikuwa tunazika."

Alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa juma lile, kabla ya siku zake. Mtoto aliishi siku mbili. Mvua ilikuwa kubwa, padre hakuweza kufika. Baba wa mtoto alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, kama tulivyofundishwa sote kufanya wakati wa hatari. Waliochimba kaburi ni majirani, Waislamu, na bibi huyu Mmakua ndiye aliyemwosha. Habari ya kifo cha mama yetu iliwafikia wakirudi kaburini. Mwalimu alishika simu atuandikie, akaandika pole, na ya kwao akashindwa. Watamwambia nani? Watu ambao kwa miaka miwili hawakuweza kusema habari ya bati?

Kwa hiyo maneno yale matano tuliyoyahesabu yaliandikwa na mtu mwenye udongo wa kaburi mikononi.

Hatukuwa na la kusema. Bibi aliinuka akaenda zake bila utani. Mama zetu wawili waliingia ndani, wakakaa huko mpaka usiku, na yaliyosemwa humo ni yao. Sisi wanaume tulikwenda pwani, maji yakiwa yamekupwa, tukakaa mchangani kama zamani Shangani. Mwalimu alisimulia usiku ule mmoja, tangu utungu hata kikombe cha maji, mara tatu, kila mara akikumbuka jambo jipya. Mara ya tatu alisema kwamba aliposema maneno ya ubatizo sauti ilimkatika, na tangu siku ile huogopa kwamba hakuyamaliza. Miaka mitatu hofu hiyo ilikuwa ndani yake. Mwalimu wa dini yu hapa, kilometa chache, na kazi yake ni kusikiliza mambo kama hayo. Tulimjibu tuliloweza, na kwa idhini yake tulimpelekea padre neno lile. Naye padre alikwenda mwenyewe Msimbati kabla ya mwezi kwisha, akakaa naye.

Walimu wenzetu, mmoja amekwisha kutuuliza kama tunawashauri watu wafunue kila jambo mbele ya kila mtu. La. Tumeona katika mikutano fulani watu wakisimama kumwaga siri zao na za wenzao mbele ya mkutano, na kesho yake kijiji kizima chazirudia kisimani. Mambo ya mkeka ni ya mkeka. Ndiyo maana tuliomba ruhusa mara mbili kabla ya kuandika, na mambo mengine tumeyaacha.

Asubuhi tulikwenda sote kaburini. Liko nyuma ya minazi, limezungushiwa makome makubwa meupe, kazi ya bibi na wajukuu wake. Hatukujua jina la mtoto, wakatuambia. Ni jina la mama yetu aliyekufa juma lile. Walikuwa wamempa kabla hawajapata habari ya msiba wetu.

Juu ya deni tulipatana hivi: shilingi 70,000 kila mwezi kwa miezi mitano, wala wasitusamehe hata senti, walitaka kutusamehe, tukakataa, na tukaandikiana. Fungu la kwanza tulilipeleka wenyewe mwezi wa Agosti. Mwalimu alihesabu, akaandika karatasi ya kupokea. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mchele, akaitaka karatasi ile aitazame, ingawa hajui kusoma. Akaigeuza juu chini, akauliza faida yake yeye iko wapi, kwa kuwa kazi yote aliifanya yeye. Tukampa korosho. Alisema ni chache.